Dereva Aliyelia Lyceum

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nina miaka 54, naendesha basi hapa Reading, Uingereza. Tangu utoto sipendi michezo ya kuigiza yenye nyimbo. Sinema ya Kihindi ikifika kwenye wimbo nilikuwa natoka nje kununua kashata, narudi wimbo umekwisha. Mtu anaongea vizuri na mwenzake, mara anaanza kuimba! Sijawahi kuamini. Mwezi uliopita binti yangu akaninunulia tiketi ya The Lion King huko London, zawadi ya kuzaliwa. Nilikwenda kwa ajili yake tu, tena na kinyongo, maana wamechukua maneno yetu, Simba, Rafiki, hakuna matata, wakayafanyia biashara. Mwalimu, nililia. Yule simba jike alipoaga kwao nilishindwa kabisa, binti akanishika mkono. Je, ni uzee, au nimechezewa akili? Na kama ni sanaa ya kweli, mbona haikunipata miaka yote hii?"

Jibu:

Marahaba, mdogo wangu. Si uzee. Kuchezewa, ndiyo, umechezewa, ila kwa ridhaa yako na macho yako yakiona kila kamba. Nimefundisha waigizaji kuimba kwa miaka mingi, na watu wanaoniambia hawapendi michezo ya nyimbo karibu wote wana sababu nzuri ambayo hakuna aliyewahi kukaa akaisikiliza. Kwa hiyo nianze na kashata zako.

Mtoto anayetoka nje wimbo ukianza si kwamba hana sikio. Ameuona mshono. Kwenye sinema mtaa ni mtaa wa kweli, mvua ni mvua, kamera inasogea mpaka unaona jasho la mtu kwenye paji la uso. Halafu vinanda visivyoonekana vinaanza kulia kutoka hewani, na yule yule aliyekuwa anatokwa jasho anaimba huku anakimbia mlimani, pumzi haikatiki. Na ulikuwa na haki zaidi ya ulivyojua: katika sinema za Kihindi sauti mara nyingi haikuwa ya mwigizaji hata kidogo. Mwimbaji alirekodi studio, mwigizaji akafuatisha midomo. Wapo mamilioni wanaozipenda sinema hizo, nami nimo, lakini tunazipenda kwa kuufumbia macho mshono. Wewe hukuweza. Ulitaka anayekuambia jambo awe ndiye analitoa kifuani mwake.

Sasa rudi kwenye dakika tano za kwanza pale Lyceum, ukumbi wa London ulikoonyeshwa mchezo huo. Mwanamke anasimama peke yake jukwaani, uso umepakwa rangi, anapaza sauti. Huyo ni Rafiki, nyani mganga wa hadithi hiyo. Katika sinema ya katuni ya Disney ya 1994 alikuwa dume. Jukwaani wamempa mwanamke, na naona ndio uamuzi bora kuliko yote waliyofanya. Anaita kwa Kizulu, na kutoka pembeni, juu kwenye vyumba vya watazamaji, wanaume wanamjibu. Maneno yenyewe ni taarifa ya kawaida kabisa, kwamba baba, simba huyo anakuja. Hukuelewa neno, na aliyekaa mbele yako hakuelewa neno. Lakini mwili wako ulielewa kwamba mtu akiita, mwingine huitika. Bibi yako alipokuambia "Paukwa!" ukajibu "Pakawa!", alikuwa hajaanza hadithi bado. Alikuwa anakuomba ruhusa, nawe unampa. Tangu hapo sungura akiongea huulizi "sungura anaongeaje?" Ulishaitika.

Baada ya wito ule wanyama wakaja, na nadhani wengine walipita kwenye njia kati ya viti, karibu nawe. Tembo anabebwa na watu wanne, mmoja katika kila mguu. Twiga ni mtu aliyejifunga miti mirefu miguuni na mikononi, anatembea kwa minne, shingo ikiwa juu ya kichwa chake. Unaona uso wake. Unaona anavyotafuta pa kukanyaga. Wapiga ngoma wamekaa kulia na kushoto ya jukwaa mahali unapoweza kuwatazama mikono. Jua linalochomoza ni vipande vya kitambaa, na unaona kwamba ni vipande vya kitambaa.

Hapo ndipo jibu langu lilipo, yanayofuata ni maelezo tu. Mwongozaji wa mchezo huo, Julie Taymor, aliishi Indonesia miaka ya 1970 akijifunza na kutengeneza maonyesho ya vinyago na vikaragosi, na aliamua mapema kwamba hataficha mtu ndani ya mnyama. Kinyago cha Mufasa, mfalme simba na baba wa Simba, hakifuniki uso wa mwigizaji. Kinakaa juu ya kichwa, na akikasirika kinashuka mbele, halafu kinarudi juu na unamwona tena baba mtu. Timon, nguchiro rafiki wa Simba, ni kikaragosi kinachoshikwa na mwigizaji aliyevaa kijani aliyesimama nyuma yake. Una mnyama na una mtu kwa wakati mmoja, na kazi ya kuwaunganisha wamekuachia wewe. Sasa nikuulize: ukishakubali kwamba mtu mwenye miti minne ni twiga, umebakiwa na nini cha kukataa akianza kuimba?

Ugomvi wako siku zote ulikuwa na uongo unaojificha. Pale wakakuwekea uongo mezani, wakakuomba uwasaidie kuubeba, ukaubeba. Ndiyo maana nasema hukudanganywa.

Kuhusu mtu kuacha kuongea akaanza kuimba, mdogo wangu, wewe ni mtu wa Tanga. Umekulia kwenye mji wa taarabu, na umeona jambo hili kwa macho yako: katikati ya shughuli mwanamke anainuka kitini, noti mkononi, anakwenda kumtunza mwimbaji kwenye ubeti mmoja tu, wala si mwingine, kisha anarudi polepole akipita mbele ya mtu fulani. Hajasema lolote. Ukumbi mzima umeelewa. Jambo ambalo angelitamka mlangoni kwa jirani yake lingevunja ujirani, limepita kwenye wimbo na kila mmoja amerudi kwake na heshima yake. Huko pwani wimbo umekuwa mahali pa kuwekea maneno yasiyobebeka kwa mazungumzo. Mwari anapotolewa, jeneza linaponyanyuliwa kanisani, wavuvi wanapovuta juya na pumzi zinakwisha, hakuna anayeshangaa watu wakiimba. Tungeshangaa wangenyamaza.

Mchezo mzuri wa nyimbo unafuata kanuni hiyo hiyo, na mchezo mbaya unaivunja. Nilipokuwa nafundisha nilikuwa namzuia mwanafunzi asiimbe. Namwambia sema maneno ya wimbo kama unavyomwambia ndugu yako, tena, tena, mpaka ufike mahali ambapo ukiendelea kusema unahisi unalifanya jambo liwe dogo kuliko lilivyo. Hapo ndipo aimbe. Wapo waliofika hapo baada ya dakika tatu na wapo waliochukua wiki mbili. Mmoja alikuja kuniambia kwamba nusu ya wimbo wake ni mapambo, hakuna mahali panapomlazimisha, na alikuwa sahihi, tukaukata. Ukitazama mchezo na wimbo ukakuchosha, mara nyingi ni kwa sababu hiyo: mtu ameimba kabla maneno hayajamwishia. Usijilaumu.

Kuna jingine ambalo kwa umri wako nadhani umelishuhudia. Miaka ya 1980 na 1990 vikundi kama Muungano Cultural Troupe, na baadaye Tanzania One Theatre, vilikuwa vinajaza kumbi kwa usiku mmoja wenye kila kitu: ngoma, kwaya, sarakasi, vichekesho, igizo, taarabu ya kufungia. Watu walikaa saa nyingi bila kuuliza kwa nini igizo limefuatwa na ngoma. Kwa hiyo nyimbo na maigizo chini ya paa moja si ugeni kwako. Tofauti ni kwamba pale vitu vilipangwa foleni, kila kimoja na zamu yake. Igizo likikoma, wimbo unaanza, na wimbo haukuwa na kazi ndani ya igizo. Pale Lyceum wimbo ukiutoa, hadithi inabaki na shimo.

Sasa tufike kwenye machozi.

Ulilia Nala, yule simba jike, alipoaga. Sishangai, na nitakuonyesha walivyokupeleka huko hatua kwa hatua. Sinema ilikuwa na nyimbo tano za Elton John na Tim Rice, na wimbo ule haukuwa mmojawapo. Mchezo ulipotengenezwa, ukafunguliwa Minneapolis Julai 1997 na New York Novemba mwaka huo huo, waliingiza muziki mwingi wa Lebo M, mtu wa Soweto aliyeondoka Afrika Kusini akiwa kijana, wakati wa ubaguzi wa rangi, akaishi uhamishoni. Ile sauti ya kwanza kabisa kwenye sinema ni yake. Kwa hiyo unapomsikia Nala anaaga, kilichomo ndani ya wimbo hakikutungwa na mtu aliyesoma kuhusu kuondoka nyumbani. Wanawake wanaoitikia nyuma yake wanasema kwa Kitswana kwamba nchi yetu ni takatifu. Neno lao la nchi ndilo lile lile linalofungua wimbo wa taifa wa Botswana. Wanaisema hivyo nchi iliyokwisha kukauka mbele ya macho yako.

Ukumbuke walivyoikausha. Walitandaza duara la kitambaa cha bluu sakafuni, hilo ndilo ziwa, kisha likaanza kuvutwa taratibu kupitia tundu katikati ya jukwaa, likawa bwawa, likawa kidimbwi, likapotea. Hakuna upepo wa mashine wala picha ya mifupa ukutani. Kitambaa tu kinaondoka. Kabla ya hapo, Mufasa alipokufa, simba jike walitoa utepe mrefu mweupe kutoka kwenye macho ya vinyago vyao, wakauvuta, na hayo yakawa machozi. Kwa hiyo ulipofika kwa Nala ulikuwa umekwisha kufundishwa lugha ya mahali pale. Kitambaa kikiondoka ni maji. Utepe ukishuka ni kilio. Msichana anasimama, Rafiki anambariki, wenzake wanaimba, naye anageuka kwenda asikokujua ili awatafutie msaada waliobaki.

Hukuniandikia lini uliondoka Tanga na nani alikusindikiza, na sitauliza. Nitasema tu kwamba nimekaa kwenye kumbi na watu wetu wengi wa ughaibuni, na wengi hawalii kifo cha Mufasa, ambacho watoto wote hulia. Wanalia pale pale ulipolia wewe.

Jambo la pili lililokufanyia kazi huenda hukuligundua. Sehemu ya kwanza, baba na mtoto wakiwa chini ya nyota, Mufasa anaimba kuhusu wafalme waliotangulia, kwamba wanaishi ndani yako. Sehemu ya pili, Mufasa amekwisha kufa, Simba ni mtu mzima aliyekata tamaa, Rafiki anaanza sauti ile ile na neno limebadilika: anaishi ndani yako. Kwa Kiingereza wanabadilisha neno moja dogo. Kwa Kiswahili ni silabi moja tu, wa- inaondoka, a- inakaa, na baba mzima amehama kutoka kwa wanaosimulia kwenda kwa wanaosimuliwa. Waigizaji wanaingia wakiwa wamebeba vipande gizani, vipande vinakutana, unatokea uso wa Mufasa. Sikio lako lilikuwa limehifadhi sauti ile kwa zaidi ya saa moja bila kukuuliza. Iliporudi, ilirudi na baba yake. Hii ndiyo nguvu ambayo mchezo wa maneno matupu huipata kwa shida sana: maneno yakirudiwa yanachosha, sauti ikirudiwa inakumbusha.

Kwa nini basi haikukupata miaka yote hii? Kwa sababu ulikuwa unahukumu kwa sinema na televisheni, na kitu hiki hakiingii humo kikiwa hai. Pumzi ya mwimbaji inatikisa hewa ile ile unayoivuta. Akikosea noti, umekosea naye. Chukua hata kundi la nyumbu linalomkanyaga Mufasa: nyuma kabisa ni nyumbu wadogo waliochorwa kwenye magogo yanayozunguka, kadiri wanavyosogea mbele vinyago vinakuwa vikubwa, mpaka mstari wa mbele ni wachezaji wenyewe. Kwenye kioo cha simu utaona hila. Ukiwa ukumbini, na ngoma zinapiga kutoka pande mbili, mgongo wako unataka kukimbia ingawa jicho linajua.

Kinyongo chako kuhusu lugha sikiondoi. Kishike. Machozi hayakulipi deni la mtu mwingine, na mtu anaweza kukupa kitu kizuri huku amebeba chako mfukoni. Maneno "hakuna matata" Disney iliomba kuyasajili Marekani kama alama ya biashara kwa ajili ya nguo mwaka 1994, ikakubaliwa 2003, na mwaka 2018 watu wengi waliweka saini zao kwenye waraka wa kupinga. Usajili huo haukuzuii wewe wala mimi kuyasema, hilo lieleweke, kwa sababu wengi wameogopeshwa bure. Lakini kero yenyewe ni ya haki: Them Mushrooms wa Mombasa walikuwa wameyaimba maneno hayo kwenye "Jambo Bwana" tangu 1982, na kabla yao yalikuwa midomoni mwa watu. Mimi linaloniuma zaidi ni dogo kuliko hilo. Fisi mmoja wa hadithi hiyo wamempa jina Shenzi. Neno hilo kwetu si jina la kuchekesha. Waungwana wa pwani waliwaita hivyo watu wa bara, kisha wakoloni wakatuita hivyo sote. Kumsikia mtoto akilipigia makofi kunanichoma kila mara.

Na wimbo wa simba anayelala, ule Timon na mwenzake ngiri, Pumbaa, wanaouchezea kwenye sinema, umetoka kwa Solomon Linda, Mzulu aliyeurekodi Johannesburg mwaka 1939 kwa jina la "Mbube" akafa maskini mwaka 1962. Familia yake ililazimika kwenda mahakamani, na mapatano yakapatikana mwaka 2006. Mweleze binti yako habari hiyo. Ana umri wa kujua.

Lakini mtendee haki pia Sarabi, mama yake Simba. Ukifungua kamusi, sarabi ni mazigazi, yale maji ya uongo yanayoonekana mbali kwenye jua kali. Kwa mke wa mfalme ambaye nchi yake itakuja kukauka, jina limekaa vizuri.

Umeniuliza mambo matatu na hukuniuliza uende wapi tena, ila naliona swali kati ya mistari. Usikimbilie kila mchezo wa nyimbo ukidhani sasa umeokoka. Mingi itakuchosha, na utakuwa sahihi. Tafuta inayoonyesha mikono yake: wanamuziki wanaoonekana, jukwaa lisilojifanya nyumba. Usisikilize nyimbo zake kabla, maana ile kazi ya kurudi kwa sauti inahitaji masikio yasiyoizoea. Hadithi waweza kuisoma, haiharibu kitu. Hata sisi tulijua mwisho wa Sungura na Fisi kabla bibi hajaanza. Na ukipata kikundi chochote cha Afrika Mashariki kinachopita huko na igizo lenye ngoma ndani yake, nenda hata kama ukumbi ni wa shule na viti ni vya plastiki.

The Lion King iko Lyceum tangu Oktoba 1999, ukiacha kipindi cha korona, kwa hiyo si ya kukimbiza. Ukirudi, mara hii wewe umnunulie binti tiketi, na mchague viti vya ghorofani, safu za mbele, ambapo sakafu yote ya jukwaa inaonekana. Usimtazame Simba, umeshamwona. Mapema kabisa wanaingia wachezaji waliobeba ubao wa nyasi vichwani; wao ndio mbuga. Hawana majina, hawana mistari, simba wanawinda kati yao. Chagua mmoja wa pembeni kabisa umfuate kwa macho mpaka atakaposimama. Yeye atakuwa ametulia tuli, na nyasi juu ya kichwa chake bado zitakuwa zinatikisika kwa pumzi yake.